Kibao cha Darajani

Jumatatu, 3 Juni
Nimewaeleza akina mama wa kijiji mradi wa shirika letu: mabanda ya kuku, chanjo, semina. Kisha mwenyekiti wao — tunamwita Mama Sauti, na si bure — akasema hawataki kuku, wanataka daraja. Zahanati iko ng'ambo. Mto ukijaa, mjamzito anavushwa mgongoni. "Hao kuku watamvusha nani, mwanangu?" Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa aibu.

Jumatano, 5 Juni
Nimempigia bosi. Eti shirika halijengi madaraja, fomu inasema kuku, niwashawishi. Niwashawishi! Watu waliozaliwa hapa, na mimi nina miezi minne tu. Ripoti nimeiandika mara tatu, nimeichana mara tatu. Situlii.

Jumamosi, 15 Juni
Wameanza bila sisi! Seremala wa kijiji kachagua magogo, akina mama wanasomba mawe kwa karai. Nilisimama na daftari langu kama mtu aliyekosea msiba. Mama Sauti akauliza kama mikono yangu inajua karatasi tu. Nikavua viatu. Maji baridi hayo! Mgongo unaniuma vibaya — na nina furaha, sijui ya nini.

Jumanne, 25 Juni
Mke wa seremala kashikwa na uchungu asubuhi. Mto umefurika. Kavuka daraja jipya kwa miguu yake, mama mkwe kamshika mkono. Mtoto wa kike!

Alhamisi, 27 Juni
Bosi kaja na gari, mpiga picha na kibao: "Daraja hili limejengwa na..." — jina letu, herufi kubwa, rangi bado mbichi. Nikamvuta pembeni. Bosi, hatukuleta hata msumari. Akasema wafadhili wakiona picha, mwakani tutaletewa mradi mwingine, na kijiji kitafaidika, niache utoto. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Hakuutaja. Hakuwa na haja.

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Dereva kachimba shimo la nguzo. Seremala kakataa kumwazima nyundo. Akina mama wamekaa chini katikati ya daraja, kanga zimefungwa viunoni. Bosi ananiita: njoo uongee na watu wako.

Watu wangu!

Wote wananitazama, yeye na wao. Nimevua kofia ya shirika. Anaita tena, kwa jina — nafunga daftari, naelekea darajani, sijui hata nitaanzia wapi.