Damu Yangu ya Kulinganishia

Jumatatu, 3 Machi
Maajabu! Tunapima jeni ya kipokezi — kile kimlango ambacho seli ya kinga hutumia kumtambua adui. Kila mtu huwa na nakala mbili, ya baba na ya mama. Wagonjwa wa leo wana nne nne! Bosi karuka juu, eti tumegundua jambo. Tukanywa soda.

Jumanne, 4 Machi
Soda imetutokea puani. Bosi kauliza: damu ya mtu mwenye afya tunayowalinganishia wagonjwa ni ya nani? Yangu! Ile ya zamani iliisha, nikajitoboa mwenyewe, maana mimi hata mafua siyajui. Kumbe wagonjwa wako sawa, wana mbili zao — mimi ndiye mwenye nakala moja tu, tukaihesabu kama mbili, zao zikaonekana nne! Wenzangu wameshaniita Nusu Kilo. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 5 Machi
Leo kicheko kimepungua. Bosi kasema moja inanitosha. Na huyu aliye tumboni je? Akirithi upande wangu mtupu, na baba yake awe nusu kama mimi, anaweza kuzaliwa bila hata moja. Kila homa ingemlaza hospitali. Naogopa, jamani. Lazima mume wangu apimwe.

Sasa mume wangu! Fundi cherehani, anashika sindano kutwa nzima, lakini ya hospitali akiiona tu jasho linamtoka. Nimemweleza. Kasema atafikiria. Halafu kaenda kulala — jua bado linawaka!

Ijumaa, 7 Machi
Kaja! Mwenyewe, bila kuburutwa, shati limepigwa pasi kama bwana harusi. Kafumba macho, kapiga mayowe, kaniminya mkono nusura auvunje. Eti mbona hajasikia kitu? Nikamwambia utasikiaje, baba kijacho, na makelele yote yale! Nilicheka hadi chupa ya damu yake nusura iniponyoke.

Jumatatu, 10 Machi
Hakuna jibu. Damu iliganda. Kosa langu — nilikuwa nacheka, sikuipinduapindua chupa damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Nimelia palepale kwa hasira.

Nikampigia simu. Cherehani ikanyamaza. Nikasema ukikataa kutobolewa tena nitaelewa. Simu ikakatika.

Nimekaa kwenye benchi la maabara, naandika tu nisiwaze. Mtoto anacheza tumboni, hana habari.

Mlango! Ni yeye, futi ya kupimia bado ipo shingoni, hajasalimia mtu. Kaketi kwenye kile kiti cha kutolea damu. Bosi anavaa glavu. Mume wangu kakunja mikono yote miwili ya shati, macho kashafumba.

"Chukueni huku na huku," anasema. "Ila wewe leo usicheke."