Violeth Alipiga Magoti Hotelini

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Wameondoka. Saa moja asubuhi, na gari ya Jilala, ile nyeupe yenye vioo vyeusi kama macho ya nzi. Wanakwenda Mwanza kupanda ndege. Mwanangu Jilala na mke wake Violeth, wawili tu. Watoto wako bweni. Nikamuuliza, Jilala, mnakwenda kumzika nani? Akacheka. Mayu, mama yangu, tunakwenda kupumzika. Kupumzika! Nimelima pamba tangu matiti hayajaota, sasa nina miaka sabini na kitu, sijasikia mtu anapanda ndege kwenda kupumzika. Mtu akichoka si anakaa chini?

Klementina, andika yote. Usinichagulie.

Klementina ni mke mwenzangu, mdogo. Marehemu mume wetu Mayala alimleta mimi nikiwa na watoto watatu. Nilimchukia miaka tisa. Mume akafa, tukabaki wawili nyumba ya nyuma, humu humu uani kwa Jilala. Yeye masista walimfundisha mpaka la nne, mimi shule nilipita nje na ng'ombe. Basi mimi nasema, yeye anaandika kwenye daftari la kampuni ya Jilala. Tarehe anaitoa kwenye kalenda ya ukutani. Nikiwaambia majirani ni umbea. Humu ni mimi na karatasi.

Nilikuwa nasema nini? Ndege. Januarius, karani wa Jilala, anasema viti vyao ni vya mbele kabisa, unalala kama kitandani, unaletewa kitambaa cha moto ujifute uso. Wengine wako nyuma wamebanana kama kuku wa mnada. Eti hata vyoo wametengewa! Miaka mitatu nyuma Jilala alikuwa anauza spoku za baiskeli hapa stendi. Serikali ikasema watu binafsi wanunue pamba, basi, huyo. Sasa anakula na wawekezaji.

Asubuhi alimpiga Violeth kofi. Sababu sanduku. Aliweka vitenge, mume anataka magauni. Kofi la mgongo wa mkono, upande wa pete. Mdomo ukapasuka. Mimi nilikuwa nakunywa uji.

Nikaendelea kunywa uji. Andika hivyo hivyo.

Alhamisi, 12 Septemba

Januarius amekuja na habari za simu. Jilala alipiga jana mchana ofisini. Wako Dar, hotelini, baharini. Ghorofa la saba. Unaingia kwenye kijumba cha chuma, kinakubeba juu. Asubuhi chakula kimepangwa meza ndefu kama ya arusi, unajipakulia mwenyewe hata mara tano, hakuna wa kukuangalia vibaya. Bafu chumbani, na simu iko bafuni! Nikamwambia Januarius, sasa nani anampigia mtu simu bafuni? Akasema, bibi, hayo ndiyo maendeleo.

Nikauliza, Violeth je? Akasema bosi hakumtaja.

Nikamkumbuka Mayala. Yeye hakunipandisha ndege, alinipandisha baiskeli mara moja, kwenda Lalago kwenye msiba. Njiani nikasema anakwenda mbio. Kufika tu akanitoa meno mawili kwa mpini wa jembe la wenyewe, mbele ya wafiwa. Klementina yeye alimwagiwa uji wa moto. Kovu lile pale begani, ananionyesha. Anasema, dada, wewe meno hayaoti, mimi ngozi imeota, nimekushinda. Tunacheka mpaka machozi.

Sijui tunacheka nini.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo kwenye mizani ya Jilala wakulima wamempiga mpimaji. Walikuta jiwe limefungwa kwa waya chini ya mizani. Wamempiga na fimbo za ng'ombe, halafu wakamkalisha juu ya mizani yake, wakasoma kilo zake kwa sauti. Damu kwenye marobota. Sungusungu walisimama pembeni wanatazama.

Na mwenye mizani yuko angani, anajifuta uso na kitambaa cha moto. Leo ndiyo wanavuka kwenda Dubai.

Jumapili, 22 Septemba

Wamerudi! Mimi nimeletewa blanketi, Klementina chupa ya chai. Jilala amenenepa shingo. Kila neno ni Dubai. Hoteli ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Juu ya paa, maji! Na watu wanaogelea mchana kweupe, wanawake na wanaume, hakuna anayetafuta sabuni.

Violeth amesalimia, akaingia ndani. Gauni la mikono mirefu, na joto hili.

Jilala akaleta picha tuzione. Mimi herufi sijui, picha nasoma. Nimezisoma mara mbili. Hizi za kwanza, za Mwanza uwanja wa ndege, Violeth ameshika mkoba kwa kulia. Hizi za Dubai ameshika glasi kwa kushoto. Kijiko kwa kushoto. Mbele ya duka la dhahabu, kushoto anapunga, kulia kumefichwa ndani ya mtandio. Violeth ninaishi naye mwaka wa kumi na mbili huu. Hajawahi kushika hata ufagio kwa kushoto.

Nikasema picha nzuri. Nikazirudisha.

Jumatatu, 23 Septemba

Jilala ametoka asubuhi kwenda kwenye mizani. Nikaingia kwa Violeth bila kubisha. Alikuwa anajaribu kufunga kitambaa kichwani na mkono mmoja, na meno. Nikamwambia vua.

Mama wee. Mkono umevimba toka kiwiko mpaka vidole, rangi ya biringanya. Juu ya kifundo mfupa umekaa upande, kama mti uliovunjika ndani ya ganda lake. Siku kumi na mbili!

Nikasema, mwanangu, nini? Akasema, mayu, nilipiga magoti.

Ni hivi. Hoteli ile ya Dar ina mzee mlangoni. Kazi yake kufungua mlango na kubeba masanduku. Kanzu ya bluu ya kizungu, vifungo vya njano, nywele nyeupe tupu. Siku ya tatu, Jumatano jioni, wanatoka kwenda kula na mwekezaji na mke wake. Violeth gauni jipya, viatu virefu. Yule mzee akamtazama usoni, akamsalimia. Kwa Kisukuma! "Mwadila, mayu." Kumbe mtu wa Lalago, ameondoka kwao kijana.

Violeth anasema, magoti yalikwenda yenyewe. Kabla hajafikiri yuko chini, kwenye marumaru, mkoba kule, kiatu kimoja kule. "Mwadila, baba." Mzee akamuuliza, wewe ng'wana nani? Mtoto wa nani? Akajibu, ng'wana Masele, wa Ipililo. Mzee akaanza kulia. Anasema miaka ishirini na saba yuko pale mlangoni, hakuna aliyempigia magoti.

Watu wote wamesimama. Mke wa mwekezaji akapiga picha! Mwekezaji akamuuliza Jilala, kwenu matajiri wanawaabudu wabeba mizigo? Jilala akacheka. Akala chakula chote, akacheka chakula kizima.

Chumbani akawasha televisheni kwa sauti. Violeth anasema zulia la mule linameza kila kitu, hata ukianguka husikii mwenyewe. Alimpiga kwa mkanda, akachoka mkanda. Akamkokota bafuni, akaulaza mkono wake kwenye ukingo wa lile beseni la kuogea. Akaukanyaga. Na kiatu. Anamwambia, umeniaibisha kwa bawabu. Umepiga magoti kwa bawabu!

Jumamosi wakapanda ndege ya Dubai, viti vya mbele. Mkono kwenye mtandio. Binti wa ndege akamuuliza, mama umeumia? Akasema ameteleza bafuni. Akaletewa barafu kwenye glasi. Dubai Jilala akamnunulia bangili ya dhahabu, haikupita, mkono umejaa. Akaitia mfukoni mwake. Akasema hospitali ni marufuku, wataandika. Usiku yeye analala fofofo kwenye mito minane, mwanamke amekaa kwenye kiti anahesabu taa za meli.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikakumbuka kitu. Klementina, usiache, andika.

Nani alimfundisha magoti? Mimi. Alivyokuja, mwaka wa kwanza, mtoto wa watu ana miaka kumi na tisa, alimsalimia shemeji yangu mkubwa akiwa amesimama, ndoo kichwani. Nikamvizia jikoni. Nikampiga mwiko kwenye goti, huku na huku, mpaka akatambaa. Nikamwambia, mzee yeyote, popote, hata akiwa mwizi. Watu wakanisifu. Milembe, mkamwana wako ana adabu!

Adabu ndiyo hiyo imevunjika mkono.

Jumatano, 25 Septemba

Jana nilimwambia Jilala mke apelekwe hospitali. Akasema, mayu, hayo ni ya chumbani. Nikamwambia mfupa hauna chumba. Akapiga teke ndoo ya maji, ikanipita hapa sikioni. Akasema, wewe uliyapokea ya baba kimya, na haya pokea kimya. Neno lake lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliniziba.

Leo mchana wageni. Wanunuzi wawili wa kampuni kutoka Mwanza, na Januarius. Wamekaa barazani. Sisi na Klementina tuko pale uani tunatwanga. Jilala akaagiza wanawishwe. Si angemwambia msichana wa kazi? Hapana, anataka mke wake.

Violeth akaja na birika. Beseni ameweka chini, mkono wa kulia hauwezi kulishika. Akapiga magoti, akamimina kwa kushoto. Kwa mgeni! Mgeni mmoja, mnene, akarudisha mikono yake nyuma. Akasema kwa utani, bosi, kwako tunanawishwa kwa kushoto kama wachawi? Wakacheka. Jilala akacheka zaidi ya wote. Akainuka pole pole. Akasema, mke wangu, mkono wako wa kulia uko wapi? Wageni wanautaka. Akaushika. Ule ule. Akauzungusha.

Violeth hakupiga kelele. Alitoa sauti ya mbuzi aliyeshachinjwa.

Hapo mimi sikumbuki kutembea. Klementina anasema nilitembea tu, kama mtu anakwenda kuchota maji, na mchi mkononi. Nilimpiga Jilala begani. Mfupa ulilia, niliusikia. Akaangukia sahani za wali, mchuzi usoni. Nikanyanyua tena. Nilitaka kichwa. Nasema kweli, nilitaka kichwa, kile kichwa nilichokizaa. Klementina akaning'inia kwenye mchi, tukaanguka wote.

Januarius amesimama na paja la kuku mkononi. Wageni wakatafuta viatu vyao.

Jilala akanitazama toka chini. Uso wa mtoto. Akasema, "Mayu?"

Halafu uso ukaondoka, ukaja mwingine. Januarius akamwingiza kwenye gari, wakaenda kulala gesti, asionekane na majirani.

Alhamisi, 26 Septemba

Andika, Klementina. Nikinyamaza nitafungua mlango.

Alfajiri tumempeleka Violeth stendi. Klementina alimfungia mkono na kitenge chake na vipande viwili vya mbao. Basi la Maswa la saa kumi na mbili. Akishuka aende kwanza hospitali, wamnyooshe, halafu kwa baba yake, Ipililo. Masele hana gari wala bunduki, ana mikuki miwili na watoto wa kiume watano. Kabla ya kupanda akaanza kushuka chini aniage, magoti. Nikamshika kwapani. Nikamwambia, hapana! Simama. Mimi usinipigie tena. Simama nikuone ulivyo mrefu. Ni mrefu kumbe.

Jilala amekuja sasa hivi, saa nne. Ametoka hospitali. Kumbe anaijua njia! Bega lake usiku mmoja tu limepigwa picha, limefungwa bandeji nyeupe safi. Mlango wetu huku nyuma nimeubana na kinu. Ameingia nyumba kubwa, akasikika anapindua vitanda. Akaja hapa.

Akasema, mayu, yuko wapi? Nikasema nani? Akasema, umenipiga mbele ya watu wa kampuni, sikukugusa, niambie tu yuko wapi. Sauti ya chini, nzuri. Hiyo hiyo aliyokuwa anaombea nyama akiwa mdogo. Nikasema amekwenda Mwanza kwa dada yake, amepanda gari ya Lamadi.

Nimemdanganya mtoto wangu. Mara ya pili. Ya kwanza, siku Mayala alipokufa, nilimwambia baba yake amelala.

Akasema, mayu, Violeth hana dada Mwanza. Nikasema anaye, wa kanisani. Akapiga mlango ngumi moja, ya mkono mzima. Vumbi la dari liko kwenye karatasi, usilifute.

Klementina amechungulia. Anasema kwenye kiti cha mbele kuna ile bastola ya kulindia pesa za pamba. Anasema tusiandike hilo. Andika.

Anawasha gari. Imekataa. Anawasha tena. Basi la Maswa linasimama kila kijiji, halijafika mbali hilo. Na kama alishuka hospitali bado yuko kwenye foleni. Imewaka. Inageuka pale kwenye njia panda, kulia ni Lamadi, kushoto ni Maswa. Mimi macho yangu hayafiki. Acha kalamu, Klementina — hapana, shika kalamu, panda kwenye kiti, shika na kalamu yako, tazama juu ya ukuta. Vumbi linakwenda wapi? Linakwenda wapi, mke mwenzangu? Sema!