Sultani Amezaa

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na lile jino halikusumbui tena. Huku sote tu wazima. Goti la mama limepoa, siku hizi anapanda ngazi hadi kwangu kila asubuhi kukagua kama nimekunywa chai. Anauliza kama unakula vizuri. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula.

Habari kubwa ni ya samaki wako. Kaa kitako kwanza.

Unakumbuka uliniachia matangi matatu ya gapi, hao samaki wako wadogo kama kidole, kwenye chumba changu cha kushonea, ukabandika karatasi: MADUME kwenye la kwanza, MAJIKE kwenye la pili, la tatu tupu, la kuzalishia. Ukanisisitizia nisiwachanganye ovyo, maana umehangaika miaka sita kupata mkia wa buluu usio na doa, na Sultani wako ndiye utakayempeleka kwenye maonyesho ya samaki wa mapambo ukirudi. Baada ya miezi mitatu, ulisema, nimweke Sultani na majike watatu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku mkononi nina suruali ya watu. Hukunionyesha Sultani ni yupi, wala mimi sikuuliza.

Wiki ya pili nikafuta vioo kwa kitambaa chenye maji, karatasi zikabanduka. Nikazibandika upya kwa akili yangu ya ufundi cherehani. Tangi moja lina samaki wenye mikia mipana inayopepea, rangi tele. Jingine lina wa kijivu, wanene, wasio na habari na mtu. Kaka, nimeshona magauni miaka kumi na moja! Waliovaa vile nikawaandika majike bila kufikiri mara mbili. Sultani nikamtafuta kwa wale wa kijivu, nikamchagua mwenye kitambi kuliko wote, kwa kuwa nilijua cheo hukaa tumboni. Ule mkia wa buluu uliousema nikadhani ni wa mabibi zake. Siku ilipofika nikamweka na mabibi watatu waliopendeza kupita wenzao.

Ndiyo maana ulipopiga simu kuuliza Sultani anaendeleaje, nilikujibu kwamba amenenepa, na mabibi hawamwachi hata apumue. Ulifurahi mno.

Basi Sultani akazaa. Ilikuwa Jumamosi mchana, nampima mteja kiuno. Yeye ndiye aliyeona, akaniambia kuna vitu vinamdondoka samaki wangu. Nikainama, nikaona vifaranga wembamba kama uzi, macho matupu, na mabibi wanawafukuza wawale. Nilichomoa kichujio cha chai jikoni nikaanza kuwavua, mteja ananishikia bakuli, futi bado inaning'inia kiunoni mwake. Tuliokoa kumi na tisa.

Nikakimbilia kwa mwenye duka la samaki. Alicheka mpaka akakaa chini. Alinieleza kwamba kwa gapi wanaojipamba ni madume, na wale wa kijivu wenye tumbo ndio akina mama. Mwanzoni nilicheka naye. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu nilielewa nilichokuwa nimefanya.

Sasa nakuungamia, kaka. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja bibi harusi kujaribu gauni. Akampenda mmoja wa wale mabibi watatu, mwenye mkia wa buluu tupu, akaomba gauni lake limwagike chini vile vile. Nikashona, likatoka zuri kweli. Kwa furaha nikamtia yule samaki kwenye chupa nikampa zawadi ya harusi. Nilijiambia majike wapo wengi.

Nilipotoka dukani nilikwenda moja kwa moja kwake. Alinikaribisha vizuri, akaniambia samaki aliishi siku nne tu, kwenye glasi dirishani, juani. Nililia mbele yake kuliko yeye alivyotegemea, na sikumwambia kwamba yule alikuwa Sultani. Wewe pia sikukuambia. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga, lakini wiki hizi sita za kukujibu kwamba Sultani hajambo ni uongo, na nimeuona uzito wake kila simu inapolia. Nisamehe. Maonyesho ya mwaka huu yamekupita kwa mkono wangu.

Yule mwenye duka alinieleza pia kwamba jike hutunza mbegu za dume miezi kadhaa, akazaa tena hata akiwa peke yake. Nilimtenga mama mtu, na kweli amezaa tena. Wale wa kwanza sasa wanaanza kujionyesha rangi, nami huwachunguza kwa kioo cha kukuzia kabla sijawasha cherehani, madume nawatoa mara moja. Wengi wana madoa. Wanne ni buluu, na doa sijaliona.

Mama anakusalimu, mwenye duka anakusalimu, huyu bado anacheka. Ukirudi unigombeze utakavyo, sitajitetea. Ukimaliza, uje uwatazame hao wanne. Sijawapa majina, maana sitakuchagulia Sultani tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi wa magauni