Shikamoo ya Mtani

Jumatatu, 1 Julai 2024

Itangazwe kwa wananchi wote wa Nachingwea, na kwa majirani zetu wa Ruangwa wanaojiona wameendelea, kwamba benchi la duka la Mzee Harithi, lililokuwa linaegemea tofali tangu enzi na enzi, leo limepata mguu wa nne. Seremala kaukata mrefu kuliko wenzake. Anayekaa mwanzo anateleza mpaka mwisho. Tumepiga makofi hata hivyo.

Mimi sikukaa. Nina kiti changu na cherehani yangu hapa hapa barazani. Kazi yangu kushona na kusikia. Kushona ndiko kunakolipwa.

Asubuhi ya baridi. Watu wanapita kwenda kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na kila mmoja anaacha kitu dukani. Ufunguo. Ndoo. Maneno. Mzee, mwanangu akitoka shule mwambie uji uko chini ya kapu. Mzee, gari la Ruangwa likishusha boksi langu, nipokelee. Hakuna kinachoandikwa. Funguo zinatundikwa kwenye misumari nyuma ya mizani, zote sura moja, na Mzee anazijua kama mtu anavyojua wanawe.

Kisha akaja Dorotea, muuza mandazi, kuchukua unga. Dorotea Mmakua wa Masasi, Mzee Mmwera. Watani. Hapo ndipo siku inapoanza.

"We mla ming'oko, mchimba mizizi ya porini, bado hujafa tu?"

"Nikifa nani atawalinda panya wa stoo? Mmakua si utawamaliza!"

"Panya wenyewe wamekonda kama mwenye duka. Siku yako ikifika, nalala humo humo kaburini, sitoki mpaka wanipe kuku wawili."

"Kuku wawili kwa mwili huo? Watakufukia tu, waokoe kuku."

Akachota dagaa kiganja kimoja, haki yake ya utani, akaondoka anacheka. Mzee alibaki anacheka mpaka akakohoa. Bi Ashura, mkewe, akasema nyuma ya pazia: "Nyie mtaoana tu." Kila siku hivyo hivyo. Redio yetu ndiyo hiyo.

Alhamisi, 4 Julai 2024

Kichekesho! Mwalimu Jenifa wa chekechea karudi jioni, kachukua ufunguo wake dukani, kaenda nyumbani, mlango umekataa. Kumbe ni ufunguo wa Teofili wa bodaboda, kapera. Na wa Jenifa kapewa Teofili. Benchi zima lililipuka. Mzee kaozesha bila mahari! Jenifa akasema kama ni kuchaguliwa, basi angechaguliwa mwenye pikipiki inayowaka.

Mzee alicheka pia. Lakini alichelewa. Alitutazama nyuso kwanza, akaona tunacheka, ndipo akaanza. Halafu akageuka, akasimama mbele ya misumari kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua.

Uchovu labda.

Jumapili, 14 Julai 2024

Dorotea katoka misa na kitenge kipya. Kafika tu: "Mmwera, leo nimekuombea sana. Mungu kasema hakujui."

Mzee akamtazama. Akasema, "Mama, wewe ni nani? Hapa ni duka la watu wenye heshima zao. Nenda."

Watu walianguka! Dorotea mwenyewe ilibidi ashike nguzo. "Leo kaniweza! Jamani huyu leo kaniweza!" Kaenda kusimulia mpaka sokoni.

Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, karibu kabisa na kaunta. Mzee alikuwa ameivuta mizani kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeona mwizi. Hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa.

Nyuma ya pazia hakukuwa na kicheko.

Jumatatu, 15 Julai 2024

Bi Ashura kaniletea gauni nirekebishe. Nimeligeuza mbele na nyuma — gauni zima, halina hata uzi uliochomoka. Nikangoja.

"Macho unayo, Fundi," akasema. "Sasa nisaidie na mdomo."

Hali hii ilianza Ramadhani. Anaswali adhuhuri, akimaliza anatandika mkeka upya. Anasimama katikati ya duka anauliza duka liko wapi. Majina yanamtoka moja moja. La mkewe tu halijamtoka, hajamkosea hata mara moja. Bi Ashura alipolisema hilo alinyoosha shingo kidogo, kama msichana.

Anachoomba ni kimoja: Isihaka asijue. Isihaka ni mtoto wao, ana duka la mabati na saruji Ruangwa, na nyumba kubwa. Akijua atamchukua baba yake siku hiyo hiyo.

"Na Ruangwa atakuwa nani? Hapa akisahau jina lake, wapo wa kumwambia. Kule atakuwa mzee wa chumba cha ndani."

Nikamwambia gauni litakuwa tayari kesho. Alipoondoka nimelifumua pindo nikalishona tena, isiwe uongo mtupu.

Jumatano, 24 Julai 2024

Mdomo nimefunga. Duka lenyewe ndilo linalosema.

Mzee kamjazia Jenifa mafuta ya taa kwenye chupa ya mafuta ya kula. Jenifa akafungua kizibo, akanusa. Nilimwona usoni akielewa — hapo, wazi kabisa, kama mtu anayefanya hesabu akapata jibu asilolitaka. Angeweza kupiga kelele. Akasema, "Ahsante, Mzee. Na kweli nilikuwa nataka ya taa." Akaenda nayo.

Tangu hapo sijui nani kamwambia nani, maana hakuna aliyesema. Ila watu wanapima sukari wenyewe. Funguo kila mtu anatundika wake na kutungua wake. Mtoto akitumwa chumvi, mtu mzima anaondoka kwenye benchi anaingia naye, eti anatafuta kiberiti. Viberiti vinatafutwa sana mtaa huu siku hizi. Mzee amekaa kwenye kiti chake, anasema "karibu, karibu", na ile karibu yake haijapungua kitu.

Asiyejua ni Dorotea peke yake. Yeye bado yuko kwenye mashindano. Mzee siku nyingine anajibu neno moja, siku nyingine anatabasamu tu, na Dorotea anatamba: "Kaishiwa huyo!" Anatukana kwa bidii zaidi, anangoja jibu kubwa kama lile la Jumapili.

Nani amwambie? Kila mtu anamtazama mwenzake.

Alhamisi, 1 Agosti 2024

Leo Mzee kalia.

Dorotea kaja na tusi lake, kalipika tangu jana, uso wenyewe unaonyesha. "Mmwera! Nimeongea na wachimba kaburi. Wamesema kwa ulivyokonda wasihangaike, wewe debe litakutosha."

Mzee akamgeukia mkewe. Sauti ndogo. "Mama huyu nimemkosea nini? Kila siku anakuja kuniombea kifo."

Na machozi. Ya kweli, yanashuka mpaka kwenye ndevu.

Dorotea alikuwa bado ameachama, kicheko kiko nusu njia. Akamtazama Bi Ashura. Akamtazama Jenifa, akanitazama mimi. Tukatazama chini, sote kwa pamoja, na hapo akapata habari yote.

"Na nyie mkakaa tu," akasema. "Mkaniacha namtukana mgonjwa."

Kaondoka. Unga wake kauacha juu ya kaunta.

Nimefunga cherehani mapema.

Ijumaa, 2 Agosti 2024

Mtaa hauna mandazi.

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Dorotea karudi. Kajifunga khanga vizuri, nyingine kajitanda kichwani, kama anakwenda kwa wakwe. Akasimama mbele ya kaunta, akakunja goti.

"Shikamoo, Mzee."

Benchi zima liligeuka. Mtani hapewi shikamoo! Barazani hapa nimeona ndugu wakigawana sufuria, nimeona ndoa ikiisha kwa sababu ya redio. Dorotea kumwamkia Harithi sijawahi kuona, na sikujua kama kuona kunaweza kuuma hivyo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee. Kafurahi kweli. "Karibu sana. Nikupe nini?"

Mwanangu! Hao rika moja.

"Unga, Mzee. Kama upo."

Dorotea akaupima mwenyewe. Dagaa hakugusa. Alipofika kwangu akasimama, akajifanya anaangalia kitambaa. "Umeona, Fundi? Kumbe adabu naiweza." Akafuta pua kwa ncha ya khanga, akaenda.

Ndani nikamsikia Mzee anamwambia Bi Ashura: mama yule ana heshima sana, ni mgeni wa hapa?

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Isihaka kaja. Nani aliyempigia simu haijulikani. Teofili leo hamtazami mtu usoni. Simlaumu.

Nilitamani Isihaka awe mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Si mbaya. Kamletea baba yake shati jipya, kamvalisha mwenyewe. Kamkata kucha za miguu, polepole, kidole kwa kidole, huku Mzee anamwita "bwana mkubwa" na kumshukuru. Ndipo akaongea na mama yake. Mimi kwa bahati nilikuwa na kazi ya kushona upande wa dirisha.

Leo ni mafuta ya taa kwenye chupa, akasema. Kesho ikiwa dawa ya mikorosho kwenye unga wa uji wa mtoto wa mtu? Bi Ashura akaokota kucha zilizokatwa, moja moja. Hilo ni kweli, hata mimi naliona. Duka lifungwe, akasema Isihaka, wote wawili waende Ruangwa kesho.

"Kule hamjui mtu," Bi Ashura akasema.

"Na hapa anamjua nani, Mama? Ukijitoa wewe. Nionyeshe mtu mmoja wa mtaa huu anayemjua. Mmoja tu! Akipatikana, nitaweka mtu wa kusimamia duka, Baba abaki kwenye kiti chake."

Bi Ashura akatoka barazani, akatupitishia macho. Ikabidi nijitose. Nikamsogelea Mzee: "Mzee, mimi nani?"

Akafikiri. "Wewe si mtu wa cherehani?"

Nikageuka kwa ushindi. Isihaka akasema, kwa upole tu, kwamba cherehani iko mbele yake, anaiona.

Kweli iko.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Naandika hapa hapa barazani, watu bado wamejaa.

Gari lilipakiwa asubuhi. Mtaa wote ulikuja, na kila mtu na alichonacho: korosho, boga, kuku aliyefungwa miguu. Jenifa alilia bila kujificha. Mzee kakalishwa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, shati jipya, kofia yake. Hajui safari ya wapi. Kila anayepita anamwambia karibu. Bi Ashura alisimama dirishani kwake, akimfunga kifungo cha kola kwa ajili ya baridi. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Dorotea alichelewa kutoka misa, akakuta watu wameshabanana. Akabaki mwisho kabisa, nyuma ya migongo yetu, kajitanda, adabu tupu.

Isihaka akawasha gari.

Mzee akainua kichwa. Akakunja uso. Na ile sauti — ile yenyewe!

"We Mmakua! Unanishikashika nini hapa? Dagaa wangu leo hupati hata kichwa!"

Kelele zilizopigwa! Teofili kashikilia honi ya pikipiki hakuachia. Watu wamekumbatiana na watu wasiosalimiana. Dorotea kapasua katikati yetu, khanga ya kichwani imebaki chini, vigelegele mpaka msikitini: "Kanijua! Mmwera kanijua, mla ming'oko huyu, kanijua mimi!" Kafika dirishani kamtukana matusi ya wiki nzima kwa mpigo mmoja. Mzee akacheka kama watu walivyokuwa wanacheka.

Isihaka kazima gari. Kashuka, macho mekundu, kasimama. Kasema haya, nilitaka mtu mmoja, na mmoja kapatikana.

Mizigo inashushwa. Begi la kwanza kalishusha Bi Ashura mwenyewe. Hakumtazama mtu, kaingia nalo ndani, na mpaka sasa hajatoka. Huku nje wanagombea nani aanze kumsaidia Mzee kesho dukani. Kuku kafunguliwa miguu, eti sasa ni wa sherehe. Isihaka kanijia hapa kwenye kiti. Fundi, wewe ulikuwa karibu, umesikia vizuri? Nimemwambia nimesikia vizuri.

Nimesikia vizuri. Ila Dorotea alikuwa nyuma ya watu, hata kichwa chake kilikuwa hakionekani. Aliyekuwa dirishani, mkono kwenye kola, ni Bi Ashura.