Kipandio cha Juu

Dayton, Ohio
2 Septemba 1996

Mdogo wangu Deverell,

Hujambo? Na huko Oakland hamjambo? Sisi tupo. Najua tangu tumzike Mama hatujaandikiana hata mstari, lakini soma kwanza ndipo ukasirike.

Ule ukwaruzo wa koo niliousingizia sigara umekuwa mambo mengine. Tarehe nane Oktoba daktari anatoa koromeo lote. Nitapona, anasema, ila sauti ndiyo basi tena. Usianze kulia, unajua unavyolia vibaya.

Nina ombi. Albamu yetu ya kwanza kila mtu anayo, kwa sababu ya "Nishike Taratibu", na humo ni wewe mwanzo mwisho. Mimi navuma tu huko nyuma kama friji. Ya pili ni hivyo hivyo. Ya tatu, tuliyorekodi baada ya wewe kuliacha kundi, ndiyo pekee ninayoongoza mimi, kwenye wimbo wa "Ngazi za Nyuma". Nakala yangu iliharibika maji yalipoingia chumba cha chini. Huko kwenu maduka ya santuri kuukuu ni mengi. Nitafutie. Nataka wajukuu wajue babu yao alikuwa na sauti.

Kaka yako,
Roscoe

Oakland
11 Septemba

Kaka Roscoe,

Shikamoo. Hali yangu nzuri, au ilikuwa nzuri mpaka barua yako ilipofika. Nimelia, na ndiyo, nimelia vibaya.

Nimepekua masanduku ya santuri mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Sura zetu nazipata, tuko na yale masuti ya rangi ya chungwa, binamu zetu Lonnie na Cleve wamebana matumbo, lakini ni ya kwanza na ya pili tu. Muuzaji mmoja alinitazama, akatazama jalada, akasema, "Mzee, usinidanganye, huyu si wewe!" Nikamwambia huyo ni mwanangu.

Ya tatu hakuna anayeijua. Una hakika ilitoka?

Mdogo wako,
Deverell

Dayton
17 Septemba

Deverell,

Mimi mzima, koo tu. Jumapili niliimba kanisani sauti ikakatika njiani, akina mama wakanimalizia wimbo.

Loo, wewe mtu! Unatafuta sura yako! Kwenye jalada la tatu hatumo. Kampuni ilisema sura zetu haziuzi tena, ikaweka mwanamke mwenye miwani ya jua analamba aiskrimu. Jina letu, Akina Tolliver, liko chini pembeni, dogo.

Kumbe hukuwahi kuiona. Basi hata kuisikia hukuisikia. Miaka yote hii nilidhani uliisikiliza ukaamua kunyamaza. Limeniuma hilo, nisikufiche. Fanya haraka, ndugu yangu.

Kaka yako,
Roscoe

Oakland
28 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Koo linasemaje?

Nimempata yule mwanamke na aiskrimu yake. Alikuwa amebanwa katikati ya santuri za Krismasi.

Ni kweli, sikuisikia, wala sikutaka kuisikia. Nilidhani mmemweka mtu mahali pangu, na sikutaka kumsikia akiimba vizuri. Jana niliweka sindano juu ya santuri. Kaka, unaimba! Halafu kikafika kiitikio. Lonnie yupo, Cleve yupo, wewe uko chini, na kwenye sauti ya juu hakuna mtu. Nikadhani santuri ina mkwaruzo. Nikarudisha. Hakuna mtu.

Nikakumbuka ngazi za nyuma za nyumba ya Mama, tulivyofanya mazoezi kila mmoja na kipandio chake, mimi juu kabisa, wewe chini karibu na pipa la taka, na ole wake atakayesimama kwenye kipandio cha mwenzake. Kumbe changu mlikiacha wazi mpaka studio! Nilikaa sakafuni, nikashindwa hata kuzima mashine.

Siitumi kwa posta. Naileta mwenyewe, nakuja na basi. Mwambie shemeji apike mkate wa mahindi.

Mdogo wako,
Deverell

Dayton
20 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na mgongo umepoa. Mimi naendelea vizuri, nakunywa supu. Bomba la shingoni linanikera. Kila kitu naandika kwenye karatasi, hata "nipishe". Shemeji yako anasema tangu tuoane hajawahi kushinda ugomvi mwingi hivi.

Jumamosi ile sitaisahau: wewe unapanda zile ngazi za nyuma za kwa Mama huku umeshika ukuta, mimi nimekaa chini kwangu, santuri inaimba dirishani. Sauti yako imezeeka, lakini kiitikio kilipofika iliingia palepale. Nilikwenda hospitali nimeridhika.

Sasa kuna tatizo. Wajukuu wanaipiga kila siku, na kiitikio kikikaribia, yule mdogo, Keziah, anawanyamazisha wenzake: "Shh! Babu Dev anaingia." Huingii. Ananigeukia mimi, na mimi siwezi kumsaidia.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, tukitoka kanisani, simu yako italia. Utasema haloo na hutajibiwa. Usikate. Ni mimi, nimeshaweka sindano. Subiri kiitikio, uingie.

Kaka yako,
Roscoe