Dishi la Kuanikia Mlenda

Jumanne, Makole

Eti ushindani wa mataifa makubwa ni neema. Mkuu wetu wa idara ya hali ya hewa kasema leo: bila huo, nani angetukumbuka?

Neema gani! Dishi la kupokea picha za setilaiti tulipewa na taifa moja, kompyuta tukapewa na hasimu wake, na kila moja limekataza chake kuunganishwa na cha mwenzake. Wao wanakimbizana kwenda mwezini; mimi hata wingu la hapo Hombolo silioni. Dishi limelala uani, mama wa chai anaanikia mlenda.

Jioni baba akapiga simu kutoka shambani Hombolo. Apande mtama sasa, au mvua bado?

Nikamwambia apande. Nilibahatisha tu.

“Sawa, mwanangu,” akasema. “Wewe ndiye unayeona kutoka juu.”