Jina Lililorudi na Ukungu

Kamwene, Baba.

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula, ndipo uulize habari za gari. Nimekula. Kuhusu gari, nina jambo la kukiri, nalo nimelikawiza tangu tulipokuzika.

Ulinitaka neno moja tu, pale kitandani hospitalini Makambako: "Nikifa, mnirudishe Njombe kwa Datsun yangu. Si kwa gari la mtu." Nami, kwa kiburi cha joho la mahafali nililolivaa juzi, nikakujibu wewe mgonjwa kana kwamba nipo kwenye mdahalo. Nikakueleza kwamba kampuni yenyewe ililiacha jina hilo katika miaka ya themanini, ikaandika Nissan. Kwamba hata Datsun halikuwa la kwanza: hapo kale liliishia kwa "son", na kwa kuwa sauti hiyo kwa Kijapani hutaja hasara, wakaweka "sun", yaani jua. Ulisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe hata wao huogopa jina," ukasema. "Basi walibadili wao. Mimi sijabadili, msomi wangu."

Hukujua kwamba nilikuwa nimekwisha kulibadili.

Wiki uliyolazwa nilichukua msasa, nikazikwangua herufi ulizokuwa ukizipaka kwa mkono kila masika yakiisha, kwenye lile bati tupu ulilofungiwa na fundi wa bodi badala ya mlango wa nyuma ulioliwa na kutu. Nikapaka rangi ya samawati. Nikaandika NISSAN kwa rula, wima, bila kosa. Nilijiambia kwamba ninasahihisha. Ukweli ni kwamba nilichoka kuitwa mwana wa Mzee Datisani mbele ya wenzangu wa chuo.

Asubuhi ya kukuchukua, Makambako ilikuwa imezama katika ukungu. Tulirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni mwa mochwari. Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa jeneza nilipoona umande ukijikusanya juu ya bati, mstari kwa mstari. D. Kisha A. Zilikuwa herufi zako, Baba, pamoja na ile S yako inayoegemea nyuma kama mtu aliyeitwa akageuka. Zilisimama juu ya zangu, na zangu sikuziona tena.

Mama hakushangaa. Alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akasema kwa sauti ya kila siku, "Mpandisheni. Gari lake limekuja."

Baba mdogo, ambaye nilikuwa nimejigamba kwake, hakulitazama bati. Alinitazama mimi. "Wewe si ulisema umelifuta?"

Niliendesha hadi Njombe bila kutazama kioo.

Maelezo ninayo, wajua siyakosi. Baada ya msiba, fundi wa bodi aliniambia kwamba hukuwahi kupaka kabla ya kukwaruza jina kwa msumari. "Mzee alisema rangi ni nguo tu." Basi msasa wangu ulivua nguo, mikwaruzo ikabaki, umande ukaifuata. Ni hoja safi, na ningeitetea popote. Lakini ukungu wa Njombe hauna uchache, na kila asubuhi yake nimesimama nyuma ya gari nikingoja. Jina halikutokea tena. Nimelimwagia bati maji. Nimelipulizia pumzi. Lilikuja siku moja tu, siku uliyolihitaji. Ahadi niliyokataa kukupa ilitimizwa, na si na mimi.

Jumamosi nililipapasa kwa vidole hadi nikaukuta mkwaruzo wa kwanza, mwembamba kama uzi. Nikaufuata kwa brashi. Nilipofika kwenye S nilitaka kuinyoosha, si unanijua. Mkono ukaegemea nyuma wenyewe. Sikubisha.

Pumzika, Baba. Kila masika yakiisha nitapaka upya palepale ulipokwaruza. Na wakiniita mwana wa Datisani, nitaitika. Hata ukunguni, hata nisipomwona anayeita.